Majina Matano Niliyokataa Kuyataja

Nyumba ya nyuma ya zahanati,
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mgongo wako umetulia? Wifi yangu na wale mapacha wanaendeleaje? Sisi tu wazima, ila goti la mama linamsumbua akipanda ngazi. Usishangae kupata karatasi. Akaunti yangu ya kutumiana ujumbe imekufa, na aliyeizika ni mimi.

Simu ilinidondokea kwenye ndoo ya dawa wodini. Nikanunua nyingine, lakini nywila ilikuwa imenitoka kabisa, na namba niliyojisajilia niliiacha zamani. Ulipopiga kwa simu ya mama ukasema nijaze fomu ya kuirudisha akaunti tu, dakika tano. Nikakusikiliza, nikaenda kwa fundi simu.

Kibanda chake hakina mlango. Nimekaa kwenye kigoda, foleni iko mgongoni, naye anasoma maswali kama mtangazaji: nilizaliwa lini, nilikulia mtaa gani. Nikajibu kwa shingo upande. Kisha akasoma: "Taja watu watano unaoandikiana nao sana."

Unaijua kazi yangu. Wanaoniandikia ni wajawazito. Mmoja hajamwambia hata mama yake. Mwingine alimtoroka mume aliyemvunja mkono, na mahali alipojifungulia napajua mimi. Nikageuka. Mume huyo alikuwa wa tatu kwenye foleni, ametega sikio.

"Futa," nikamwambia fundi.

"Mama, yamebaki maswali mawili tu."

"Futa yote, nikiona."

"Utapoteza kila kitu."

"Changu nitapoteza. Cha watu sikigawi."

Nilipompita yule bwana akaniuliza, "Mkunga, unaficha nini?"

"Kazi yangu," nikamjibu, nikaenda zangu.

Ndiyo, nimepoteza. Picha za watoto niliowapokea kwa miaka kumi na moja, na maneno uliyoniandikia baba alipofariki. Hayo nimeyalilia, sikufichi. Lakini usiniambie tena kwamba ningeijaza fomu nyumbani, peke yangu. Nimelifikiria, na jibu ni lile lile. Wenye mtandao wanataka nithibitishe kuwa mimi ni mimi kwa kuwataja wanawake walioniamini. Basi wasinitambue. Huku wodini natambulika kwa sauti tu.

Sasa nazunguka kwa miguu, mlango hadi mlango, nawapa namba mpya kwa mdomo. Kila jioni nyayo zinawaka moto.

Alhamisi nilimfikia yule wa mkono uliovunjika. Nikamweleza yote, pamoja na nani alikuwa kwenye foleni. Halafu akanipakatisha mtoto wake, akaniambia anahama, na akanitajia anakohamia bila kuulizwa. Sikupaandika popote. Hata wewe, mdogo wangu, usiniulize.

Msalimie wifi, na uwabusu mapacha kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakuombea riziki ya halali na usingizi mzuri. Mungu awafunike.

Dada yako akupendaye, mkaidi kama ulivyomwacha,
Mkunga