Askari wa Farasi Waliokimbia

Baba yangu,

Salamu zikufikie huko uliko. Arobaini yako imepita, na nyumba yetu ya huku ugenini, Harrow, imepoa. Asubuhi Mama bado anakutolea kikombe chako, halafu anakumbuka, anakirudisha kabatini. Mimi nina jambo limenikaa kooni, na nisipokwambia wewe sijui nimwambie nani.

Unakumbuka kile kitabu cha maktaba, cha vita vya zamani vya Uskochi? Jumamosi ile macho yalikuwa yakikusumbua, ukaniambia, "Hebu nisomee, mwanangu." Nilikuwa na miaka kumi na sita, roho yangu iko kwenye televisheni. Nikakusomea mbio mbio: askari wa mfalme, juu ya farasi zao, wanalinda njia ya kuingilia Edinburgh. Wakatokea wapanda farasi wachache wa yule kijana aliyekuja kudai kiti cha babu yake aliyepinduliwa. Zikalia bastola mbili tatu, basi, kikosi kizima kikageuza farasi, mguu niponye! Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikasema kwa Kiingereza, maana siku zile sikukujibu kwa lugha nyingine, kwamba waoga kama wale wangenyongwa tu.

Ukaniuliza, "Kwani wewe ulikuwepo?" Ukakifunga kitabu. Na mimi nikafurahi, wallahi, nikakimbilia televisheni yangu.

Kumbe! Siku ya hitma yako ndipo shangazi aliponieleza. Siku ya mapinduzi ulikuwa polisi kijana Unguja. Risasi zilipoanza ulivua yunifomu, ukaitupa, ukakimbia. Wenzako waliobaki kituoni hawakuonekana tena. Miaka yote hiyo hukumwambia mtu ila yeye, hata Mama hajui. Nafikiri Jumamosi ile ulitaka kuniambia mimi. Ulikuwa unatafuta pa kuanzia, na mimi... nikakucheka. Mimi, ambaye sijasikia hata risasi moja maishani mwangu! Najuta, Baba. Najuta sana.

Nisamehe. Mwanangu Salim ana miaka minne, Kiswahili anakisikia ila hajibu, kama mimi mama yake siku zile. Siku atakayoniuliza babu yake alikuwa nani, nakuahidi nitamwambia kweli yote: alikuwa askari, akakimbia, na kwa sababu alikimbia ndiyo sisi tupo. Akicheka, nitamngoja amalize, kisha nitamsimulia tena.

Mungu akulaze pema, Baba.

Binti yako,
Zuhura