Asubuhi Hewa Ilipotulia

Kwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu zikufikie huko melini, zikukute kikohozi kimekuachia na chakula kinapita. Sisi huku tu wazima. Mama anaamka, anafagia, anapika, anakaa. Mimi naenda kazini. Watu wananisifu kwamba nimejikaza, lakini sijajikaza. Nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Barua yako nimeisoma. Unasema Baba kauawa na uzembe, na siku ukishuka bandarini utaanza na daktari kabla hujafika nyumbani. Nakuomba usome hii mpaka mwisho.

Unajua mafuriko yalichukua daraja, na waya wa mawasiliano ukaenda nalo. Hospitali yetu ina daktari mmoja, bado kijana, na bingwa wa upasuaji yuko ng'ambo ya bonde. Ndipo tulipofunga mitambo ya leza juu ya mapaa, mmoja kwetu na mmoja kwao, ili picha za chumba cha upasuaji zivuke kwa mwanga, bingwa aone na kumwelekeza mwenzake. Huu wa kwetu Baba aliuita tochi yangu. Nilipomwambia mwanga wenyewe hauonekani kwa macho, alisema basi hospitali imeuziwa tochi mbovu.

Adui wa mwanga huo ni hewa. Katikati ya bonde kuna soko, mabati matupu. Jua likiyapiga, hewa ya moto hupanda ikachanganyika na ya baridi, na kila fungu la hewa huupinda mwanga kidogo. Umeona lami ya mchana inavyochezacheza kama maji? Ndivyo. Hakuna kilichoziba njia, mbingu ni nyeupe, lakini mwanga unafika ng'ambo umetawanyika, mara mkali, mara umefifia, na picha inakatika vipande. Kunatulia asubuhi na mapema, kisha tena jioni.

Baba aliletwa alfajiri, utumbo umejisokota. Akapangiwa upasuaji asubuhi ile ile. Alipokuwa akiandaliwa, akaingizwa mama mmoja mjamzito, mfuko wa uzazi umechanika. Daktari hakuwahi kuifanya kazi ya namna ile, wala hii ya Baba, bila jicho la bingwa. Aliniita kutoka paani, akanieleza mbele ya Baba kwamba wote wawili ni wa haraka, na kwamba Baba ndiye aliyetangulia.

Baba hakumjibu yeye. Aliniuliza mimi, jua likipanda itakuwaje.

Nikamwambia, “Hewa itacheza, Baba. Mpaka jioni.”

Akasema, “Mpeni yule nafasi yangu. Mimi nitangoja jioni. Nenda kwenye tochi yako.”

Nilimsihi. Akanishika mkono, akasema mambo ya kubembelezana tutayafanya akishapona. Nikapanda. Picha ilivuka safi, kama mtu yuko chumba cha pili. Yule mama na mtoto wake wakapona. Hatukutaka kungoja jioni, lakini ilipofika zamu ya Baba mabati yalikuwa yameshashika moto. Nilisogeza lenzi, nikapunguza kasi ya kutuma picha, nikapandisha nguvu, na ng'ambo bingwa akawa anasema haoni kitu. Alasiri Baba akatutoka. Jioni hewa ikatulia.

Hili hulijui kwa sababu aliniapisha. Kabla sijapanda aliniambia, “Mdogo wako asijue. Atakuja kumchukia mtoto wa watu.” Leo nimevunja kiapo chake, maana chuki yako imeshapata wa kumwangukia, na huyo daktari hana kosa.

Juzi yule mama alikuja hospitali na mwanawe. Hajui lolote, alikuja tu kushukuru. Akanipa mtoto nimpakate. Nilingoja nisikie uchungu, au furaha, au hata hasira. Nilisikia uzito wake tu, na joto lake begani. Nikamrudishia, nikarudi paani kufuta vumbi kwenye vioo.

Mama anakusalimu, anauliza kama blanketi linatosha huko. Jifunike kifua. Na ukija, pitia nyumbani kwanza.

Ni mimi dada yako,
fundi wa paani