Kwikwi ya Gari la Mkunga

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sikio (gereji nzima hawanijui kwa jingine). Umri: miaka 22. Kazi: fundi magari, tena bingwa. Makazi: chumba cha nyuma, kwa mjomba wangu mwenye gereji.

Mnamo tarehe 11 mwezi huu, saa 3:10 asubuhi, mkunga alileta gari lake jeupe. Likienda mbio halina neno. Likienda polepole linashikwa na kwikwi: ukikanyaga mafuta linasita, kisha bomba la moshi linalia paa! Mkunga akasema, "Wajawazito wangu wanaruka, mwanangu."

Mimi naweka ncha moja ya bomba la mpira sikioni, ncha ya pili naipitisha kwenye injini kama daktari. Ndiyo maana naitwa Sikio. Nikasema ugonjwa ni kabureta, pale hewa na mafuta vinapochanganyika. Nikaisafisha mara mbili. Kwikwi pale pale.

Saa 8:00 mchana mjomba akamwita Mpole, fundi aliyekuja juzijuzi tu. Mpole akaazima mpira wangu. Wangu! Dakika mbili, akasema, "Sikiliza hapa, kaka, panafyonza hewa." Kweli, kipaipu cha hewa kilikuwa kimepasuka kwa nyuma, pasipoonekana. Mjomba akacheka, "Sikio, leo umezibwa na nta?" Akampa Mpole ufunguo wa kabati la vifaa, ambao nimeusubiri miaka minne. Na mimi nikacheka. Nikacheka kuliko wote, afande.

Saa 9:30 Mpole alikwenda kununua kipaipu kipya. Nikabadilisha waya mbili za plagi, zinazopeleka cheche kwenye injini, ya namba mbili nikaiweka tatu, ya tatu nikaiweka mbili. Nilitaka gari limuaibishe mbele ya mkunga, basi.

Saa 10:05 alimaliza kufunga, akainama juu ya kabureta iliyo wazi asikilize, na mpira wangu sikioni. Mjomba akawasha. Cheche zikapiga wakati usio wake, moto ukarukia kwenye kabureta, ukamuunguza mkono wa kulia, na waya zikateketea, hata kosa langu halikuonekana. Mjomba akamleta hapa kituoni kwa kuharibu gari la mteja. Mpole alisema tu, "Labda nimekosea, mzee."

Hakukosea. Ugonjwa ulikuwa kipaipu. Yeye aliusikia, mimi sikuusikia. Mtoeni.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda kwa mikono yangu, sikulazimishwa na mtu.

Sahihi: Sikio

Maelezo ya afisa: Nimemsomea, amekubali. Nilimuuliza kama neno "bingwa" libaki, akasema lifutwe, kisha akasema libaki. Fundi Mpole ameachiwa saa 12:40 jioni, shahidi amebaki. Kabla ya kusaini aliniuliza mara tatu kama mkono ule utaweza tena kushika spana.