Daftari Sikulichoma

Kanja, Jumapili baada ya kanisa

Kanini, mwenye jina langu,

Sisi ni wazima. Kahawa imechanua na yule ng'ombe mkaidi amezaa. Huulizi, lakini nakuambia.

Tangu Krismasi hujakanyaga hapa. Ulisema mbele ya mchungaji kwamba wanyama wote, hata sisi, tulitoka kwa vijidudu visivyo na kichwa. Nikakufukuza mezani, nikakuambia daftari lako la masomo nimelitia motoni. Ukaenda ukilia.

Sasa sikiliza, msichana wa kiburi. Mchana nikichoka kupalilia natazama ile michoro yako mpaka usingizi unichukue. Naota niko baharini, mimi ambaye bahari sijaiona. Kwanza mimi ni yule mnyama wako sponji, sina mdomo, maji yananipitia tu polepole. Raha gani! Siwezi kumtukana mjukuu. Halafu napata tundu moja, chakula kinaingia hapo na uchafu unatokea hapo hapo, kama mdomo wa jirani yetu Rwamba. Halafu nakuwa mnyoo, natambaa, na kichwa kinaota upande ule ninaoendea. Uliandika hivyo, kwamba kichwa kilimjia aliyekwenda mbele. Nikiamka kinaniuma.

Ndiyo, daftari ninalo, chini ya mto wangu. Nilidanganya.

Kwamba babu yangu alikuwa mnyoo bado nakataa. Lakini mimi nimeshatambaa mbele kidogo. Njoo ulichukue, na ukae mpaka maharagwe yaive.

Bibi yako, Cucu,
Kanini mkubwa