Mashine ya Mama Neema

Jumamosi

Bora hata nisingewaita wapangaji wenzangu. Nilitaka mashahidi, na mashahidi nikawapata.

Mke wangu anakaanga samaki kule Feri na kuni anapasua mwenyewe. Bega limeshamkataa. Daktari kasema akiendelea na shoka, biashara ataiacha, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kwa hiyo mimi, muuza mashuka wa Kariakoo, nikajitia fundi.

Mafundi wa mtaa wa Gerezani wakanichomelea fremu kama nilivyoichora: jeki ya lori imening'inia juu, kichwa chini, na kisu kinene chini yake cha kushuka kwenye gogo. Ubavuni nikapaka kwa rangi nyekundu: MAMA NEEMA.

Leo uani nimepampu jeki mpaka shati limelowa. Kisu hakikusogea.

"Baba Neema, hiyo mashine iko kwenye mfungo?" akauliza jirani wa chumba cha mbele.

Kwa hasira nikaipindua, niiburute kwa wanunua vyuma chakavu. Nikaipampu mara moja tu, kuikomoa. Jeki ikapanda! Kumbe jeki ikikaa kichwa chini haisukumi kitu. Nikaweka gogo, kisu kikalifuata kwa chini. Kwaa! Vipande viwili.

Vigelegele uani. "Ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo," nikawaambia.

Mke wangu akainamisha shingo, akalisoma jina lake lililosimama miguu juu.

"Na mimi ulipanga niende Feri kwa kichwa?"

Amecheka mpaka ameshika bega. Rangi kanikataza kuifuta.