Mama Wanne Ndani ya Chupa

Kwa Bw. Khaemba,
Karakana ya Matrekta,
Kitale.
17 Juni, 1951

Mpendwa ndugu yangu Wabwile,

Pokea salamu nyingi zangu na za shemeji yako Khaemba. U hali gani huko Kampala? Kile kifua kimepona, ama moshi wa reli bado unakusumbua? Huku mahindi yamefika magotini na mvua haijatunyima.

Nimeanza barua hii mara tatu nikaichana. Inamhusu mtoto wako Dinah. Yuko hai, yuko hapa kitandani, na leo amekunywa uji. Nakwambia hayo kwanza ili usome mengine moyo ukiwa umetulia.

Unajua tangu Agneta atuache, nawe ukanikabidhi mtoto, amekuwa hana maneno. Mvua za Machi zilipoanza, aliokota chini ya gogo mama wanne wa sisimizi, wale wakubwa wanaotaga mayai, waliokwisha kung'oa mabawa. Akawatia pamoja katika chupa ya peremende yenye udongo wa majimaji, akaziba kwa pamba, akafunika kitambaa cheusi kwa sababu, ati, hawapendi mwanga. Nilidhani watauana. Wapi! Walitaga mayai yao wote mahali pamoja, na kufika Mei chupa ilijaa watoto. Aliwalisha maji ya sukari na vipande vya kumbikumbi. Chupa aliiweka katikati ya karai la maji wasitoke. Hapo ndipo nilipomsikia akicheka tena, kwa hivyo nikanyamaza.

Mwanzoni mwa mwezi huu maji ya karai yalikauka na pamba ikalegea. Sisimizi wakapita chini ya mlango mpaka kwa jirani yetu Nyaruai, wakamuuma mtoto wake mchanga kwenye kope. Jicho lilivimba likafunga kabisa. Nyaruai akaja akilia: "Mama mmoja wa sisimizi ni taabu, na wewe unafuga wanne! Unangoja wammalize mtoto wangu?"

Aibu ilinishika, na hasira pia. Nikamwambia Dinah mbele ya watu, "Kesho nachemsha maji, nayamwaga humo."

Asubuhi kitanda kilikuwa kitupu, na chupa haipo.

Wabwile, siku kama ile nisingemtakia hata adui. Nilikwenda shuleni, nikaenda kanisani, nikaenda mtoni, nikawa natazama maji huku naogopa kuyatazama. Saa sita mvua ikaanza. Kila hatua nilijiuliza nitakuandikia nini. Saa nane, Kiptanui, yule anayepeleka maziwa kwa mkokoteni, akasema ameona msichana mwenye kikapu njia ya Kiminini. Khaemba akarukia baiskeli. Alimkuta kwenye baraza la duka, amelowa chapachapa, chupa ameifunga tumboni ndani ya gauni isipate baridi. Ati alikuwa anaenda Bokoli kwa kukhu, bibi yake, kwa miguu.

Nilipokuwa namkausha nilimwuliza, "Dinah, si ni wadudu tu? Ungekufa kwa ajili ya wadudu?"

Akasema, "Shangazi, hawa mama ni wanne. Mmoja akikufa, watoto bado wako na mama."

Niliendelea kumpangusa nywele hata zilipokuwa zimekauka.

Kesho yake homa ikapanda. Zahanati walisema ni kichomi, wakamchoma sindano siku saba. Homa imeshuka, kikohozi bado, na kila akinyamaza naweka mkono kifuani pake nione kama kinapanda.

Jicho la mtoto wa Nyaruai limefunguka, Mungu asifiwe. Yeye mwenyewe alileta uji wa wimbi, akasema, "Iweke mbali hiyo chupa, lakini usiimwage." Khaemba ameitengenezea rafu kule kwenye kibanda cha kuni, na karai najaza mimi.

Lakini tangu siku ile Dinah hajaniomba kitu, hata maji. Sijui kama amenisamehe. Naogopa akipata nguvu ataondoka tena.

Ungeweza kusikia haya kwa watu. Nimeona uyasikie kwangu. Ukisema sikumtunza mtoto wa marehemu, sitabisha. Ukiona vema akae Bokoli, nguo zake nitazifunga mimi mwenyewe. Ila njoo wewe, usitume mtu. Na kabla hujaja, mwandikie yeye barua, jina lake liwe juu ya bahasha.

Mama kule Bokoli bado hajui. Tafadhali usimwambie mpaka tuonane. Nisalimie Walubengo na mkewe Bilha, na wote wa kwetu mnaokutana nao kanisani.

Mungu aliyemlinda mtoto njiani akulinde na wewe kazini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na ninayengoja jibu lako,
Lenah