Petroli Iliyoona Mwezi

Jumanne, 3 Desemba 1963

"Bei ya petroli haiwekwi na mtu, inawekwa na njia." Ndivyo alivyosema Omer asubuhi hii, mbele ya depo ya Kampuni anayoisimamia, mikono mgongoni kama padri, na akina mama wamepanga foleni na bidoni zao tupu za mafuta ya taa.

Njia! Haya, tuiulize njia. Jumamosi nilinunua bidoni moja ya taa yangu ya kusomea. Leo pesa zile zile zinapata nusu. Tangu Jumamosi hakuna meli iliyoingia kutoka Kigoma, hakuna behewa lililofika kutoka Kabalo. Mafuta ni yale yale, ndani ya tangi lile lile. Njia gani hii inayorefuka wakati mzigo umelala?

Nilimwambia hivyo, kwa sauti. Omer akatabasamu. Tulisoma darasa moja kwa mapadri, na hata wakati ule alikuwa akitabasamu kila aliposhindwa hesabu.

—Papa Pontien, faranga imeanguka. Wewe hausomi magazeti?

Mimi! Kuambiwa sisomi magazeti! Akina mama walicheka mpaka bidoni zikalia. Nimefika nyumbani moto.

—Umepigana tena, akasema Bertille, mke wangu.

—Nimejadiliana.

—Na kofia iko wapi?

Kofia nimeisahau depo.

Jumatano, 4 Desemba

Sukari ya Bertille ilifungwa kwa gazeti la wazungu wa Brisele la mwezi wa sita. Nimemwaga sukari kwenye bakuli, nimesoma gazeti. Na kumbe! Kampuni, hii hii ya kwetu, inawatangazia wenye hisa zake kwamba faida ya mwaka imepita ya miaka yote iliyotangulia. Shukrani kwa "masoko ya ng'ambo". Ng'ambo njo sisi, ndio sisi! Njo wale mama wa foleni! Huku wanalia njia, kule wanafungua chupa. Nimelikata, nimelibandika ukutani juu ya mashini yangu ya kuandikia karatasi za kugawia watu. Bertille anasema bakuli lilikuwa na maji.

Jioni alikuja Victorine, mdogo wangu. Hakuketi. Ana mitumbwi miwili, taa mbili za presha, wavuvi sita. Giza la mwezi linaanza wiki ijayo, na ndagala, dagaa wa ziwa letu, hufuata taa wakati wa giza tu. Mbalamwezi ikiwaka, taa ni kazi bure. Kwetu mwenye mtumbwi hutoa petroli, wavuvi hutoa mikono. Asiyeweza kuwasha taa, wavuvi hubeba virago na kwenda kwa mwingine. Si ubaya, ni desturi. Na kaka mkubwa wa Omer ana mitumbwi mipya. Amekwisha kumsalimia Germain, kapita anayeongoza wavuvi wa Victorine, mara mbili wiki hii.

—Wakienda, yaya, kaka yangu, hawarudi. Mume aliniachia mitumbwi, hakuniachia watu. Watu nimewatafuta mwenyewe, miaka tisa.

Petroli aliyopata haifiki nusu ya giza. Nikamsogezea kiti tena badala ya hotuba. Mimi!

Alhamisi, 5 Desemba

Nimefungua kurasa za nyuma za daftari hili kutafuta matusi niliyomwandikia Omer zamani, nisije nikayarudia. Nikaona kitu. Tarehe 7 Oktoba: "Petroli imepanda, wezi hawa." Tarehe 5 Novemba: "Petroli imepanda tena." Tarehe 3 Desemba. Nimeshusha kalenda ya misioni. Mwezi mpevu: 3 Oktoba, 1 Novemba, 30 Novemba.

Nimecheka peke yangu. Bertille alikuja kuona kama nina homa.

Kila mwezi ukianza kupungua, bei inapanda. Giza likiisha, inateremka kidogo, kimya kimya. Na faranga? Serikali iliishusha tarehe 9 Novemba. Bei ilikuwa imekwisha kupanda siku nne kabla! Labda petroli ya Omer ni nabii.

Basi kwa nini watu wasinunue mbalamwezi, bei ikiwa chini? Nilikimbia kwa Victorine na kalenda mkononi. Akaniangalia kama mgeni aliyeshuka leo kutoka Brisele.

—Yaya, petroli iliyoona mwezi haiiti ndagala.

—Imeuona wapi? Iko ndani ya bati!

—Wazee walisema.

Wazee! Wazee walivua kwa mienge ya majani makavu, bati la petroli walilijulia wapi? Lakini pwani yote inaamini, inanunua mwezi ukipungua tu, na Omer ni mtoto wa pwani. Kampuni imeleta tangi; methali ya kutukamua wamepewa na mtu wetu. Hii njo inaniuma kuliko faida yao.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimembebea Victorine bidoni yangu. Ilinunuliwa siku ya mwezi mpevu, ikalala siku saba chini ya dirisha langu. Kama kuna petroli iliyoona mwezi, ni hii. Nitasoma mchana.

Alizunguka bidoni kama mtu anayepima mbuzi.

—Wakirudi na nyavu tupu, kesho yake Germain yuko kwa mkubwa wa Omer.

—Najua.

—Haujui, yaya. Wewe ukikosea, unaandika karatasi nyingine.

Nikakubali kwa kichwa. Bertille hataamini.

Mwishowe akaivuta ndani. Lakini Germain asijue, akasema. Akijua, ataona nyavu tupu kabla ya kuzitupa. Nimeapa.

Jumanne, 10 Desemba

Jana walitoka mara ya kwanza, taa zote mbili zikiwa na petroli yangu. Leo alfajiri wamerudi — mitumbwi imekaa chini majini kwa uzito! Ndagala wameanikwa kuanzia mchanga mpaka karibu na reli. Victorine alinipita na beseni kichwani, hakusema kitu, akanikanyaga mguu makusudi. Furaha yake hiyo.

Halafu Germain, mbele ya watu wote:

—Petroli mupya ya depo, bwana! Iko na nguvu! Papa Omer, aksanti!

Na Omer alikuwa pale. Amevaa kofia yangu! Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

—Njo maana iko bei kali, baba.

Nilifungua kinywa. Victorine akanitazama. Nikakifunga. Nadhani nimevunja jino.

Jumatano, 11 Desemba

Karatasi na kaboni ziko kwenye mashini tangu asubuhi. Nimeandika kalenda, gazeti, tangi, yote. Lakini watu wa pwani hawataki kalenda. Watauliza: nani amevua kwa petroli iliyoona mwezi?

Nimemwita Victorine. Amesoma polepole, kidole juu ya mstari. Giza bado lina wiki mbili. Germain akisikia kwamba alidanganywa, anaweza kucheka. Anaweza kuondoka na watano wake. Amefika kwenye mstari wa mwisho, ambao bado uko ndani ya mashini ukingoja jina lake, na hajainua kidole:

"Ninyi wenye taa wa Kalemie, toka gati mpaka mdomo wa Lukuga! Tarehe 30 mwezi utajaa. Siku ile leteni bidoni zote tupu depo, nunueni, wekeni ndani. Giza la Januari msimpe Omer hata tone la jasho. Mkiogopa, msiniulize mimi. Muulizeni Mama …"